Pua ya upande mmoja

Juma hili hatuandiki habari za likelemba wala za mbegu za maharagi. Tunaandika habari ya pua. Wengine mtacheka. Sisi pia tulicheka, zaidi ya miaka miwili, na ndiyo sababu ya karatasi hii.

Mtoto tunayemsema ni wa mmoja wetu. Jina hatuliweki, lakini mama yake amesomewa maneno haya kabla yenu, akakubali, na mahali pawili akatusahihisha. Ni msichana. Tulipoanza kuona jambo alikuwa na miaka 8. Tulikuwa tumekimbia mwaka wa 2019, tunalala watu kumi katika chumba kimoja, mbabula inawaka mlangoni, kila mtoto ana kamasi na kikohozi. Katika watoto wote wale, mmoja anayepumua kwa mdomo, nani angemwona? Tuliporudi Fataki wenzake walikauka kamasi. Yeye hakukauka.

Usiku alikoroma kama mzee. Mchana alisinzia darasani, mwalimu akasema ni mvivu. Akisema neno lenye "m" au "n" lilitoka kama "b" na "d", basi watoto wenzake wakampa jina la mchezo, na siku hizo sisi wakubwa tulilitumia jina lile pia bila kufikiri. Siku moja mama yake alimwacha aangalie chungu cha maharagi, akaenda kuchota maji. Aliporudi nyumba nzima ilikuwa moshi na maharagi makaa, mtoto amekaa hatua tatu kutoka motoni akishona kitambaa. Alipigwa. "Harufu hukusikia?" Akajibu, "Hapana, mama." Akapigwa tena kwa sababu ya uongo. Mama yake ndiye aliyetaka hili liandikwe. Sisi tulitaka kuliruka.

Alipokuwa na miaka 10 tukakaa kama kikundi tukasema, huyu ana kilimi kirefu, kinaziba. Mnajua wenyewe jinsi tunavyosema: kikohozi, kilimi, kutapika, kilimi, kukonda, kilimi. Tulitoa pesa sisi wenyewe, siku ya posho, na mama mzee anayekata akaitwa. Alikata. Damu haikukatika mpaka usiku, mtoto anameza na kutapika damu, sisi tumekaa naye tumeshika kitambaa. Kesho yake pua ilikuwa imeziba vilevile. Bila shaka ingeziba, kilimi hakiko puani. Ni kinyama kidogo kinachoning'inia mwisho wa kaakaa, kazi yake ni kusaidia chakula kisipande puani tunapomeza. Kukikata hakufungui kitu. Wembe uleule ulikuwa umekata watoto wa nyumba nyingine kabla ya yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama ulichemshwa. Damu, pepopunda, Ukimwi: yote hayo tuliyaweka mezani kwa mikono yetu, na kwa pesa zetu.

Aliyetufungua macho alikuwa muuguzi, mwanamke, aliyekuja kwa chanjo. Alimsikia mtoto akisema "bama", akamwita. Aliomba kijiko. Tulifikiri anataka kumpa dawa. Akakipangusa kijiko kikauka, akakishika bapa chini ya matundu ya pua, akamwambia mtoto afunge mdomo na apumue taratibu. Kwenye kijiko kikatokea ukungu upande mmoja. Upande wa kuume, hakuna kitu. Akapangusa, akarudia, ikawa hivyohivyo. Kisha akachukua pamba, uzi mmoja tu mwembamba, akauweka mbele ya tundu la kushoto: ukacheza. La kuume: ukasimama kimya.

Akamwambia afungue mdomo, akakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko kilekile, akamulika kwa taa ya simu. Akatuita mmoja mmoja tuone. Kule nyuma, juu ya pale kilimi kilipokatwa, kilichungulia kitu cha duara, cheupe kinachoelekea njano, kinang'aa. Mnajua kile kibofu mnachokitoa tumboni mkisafisha samaki wa Tchomia? Ndivyo kilivyokuwa. Mmoja wetu alianza kuomba kwa sauti.

Muuguzi alisema ni polipu, ambayo wengine huiita kinyama cha pua, na kwamba yeye si mtu wa kuigusa. Hilo la mwisho tulipaswa kulisikia vizuri zaidi.

Tueleze polipu ni nini, maana tulieleweshwa mara nyingi na madaktari mbalimbali hadi tukashika. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vitupu vya hewa: kwenye paji, katikati ya macho, na vikubwa kabisa viko ndani ya mashavu, chini ya macho. Vyumba hivyo vina ngozi laini yenye maji na kila kimoja kina mlango mdogo wa kufungukia puani. Ngozi hiyo ikivimba kwa muda mrefu, inaweza kujaa maji na kuning'inia kama tone lisiloanguka. Hiyo ndiyo polipu. Ukiigusa haiumi, haina hisia, na huwa imepauka. Tunasema hivyo kwa sababu ndani ya pua ya kila mtu kuna vinyama vingine vya kawaida, vyekundu, vinavyouma ukivigusa, na watu wengi wametishwa bure kwa kuviona kwenye kioo.

Polipu nyingi ni za watu wazima, huziba pande zote mbili, na mara nyingi mtu huyo ana asma au anapiga chafya kila siku. Kwa hizo kuna dawa ya kupuliza puani inayozipunguza. Ya mtoto wetu ilikuwa ya namna nyingine. Ni moja tu, upande mmoja tu. Huanza ndani ya chumba cha shavu, hutoka kwa ule mlango mdogo, hupita puani, kisha badala ya kuja mbele huelekea nyuma hadi kooni. Katika polipu 100 za pua, za namna hii ni kama 4 hadi 6 tu, lakini wanaozipata zaidi ni watoto na vijana. Daktari Mjerumani, Gustav Killian, ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1906 kwamba mzizi wake uko ndani ya shavu, na mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Huo mzizi ndio ulitushinda mara ya pili.

Kwa maana tulipata mtu. Mahali hatupataji. Alisema anaweza kuitoa, bei ilikuwa ndogo, hakuna safari ndefu, na sisi tulikuwa na haraka kwa sababu ya ile aibu ya kilimi. Aliishika kwa koleo kupitia puani akaivuta. Ilitoka kitu kirefu kama kidole cha mtu mzima. Mtoto alilia, damu ikatoka, ikakatika, na usiku ule alilala mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Tuliimba. Tulipika kuku. Kwa miezi kadhaa alikuwa mtoto mwingine, anasema "mama" na "maharagi" kama watu. Tukaacha kumwangalia.

Kabla ya mwaka kwisha koromo lilirudi. Mama yake alilisikia siku nyingi kabla ya kutuambia. Aliogopa tungesema amerogwa, na kweli wawili wetu walisema. Kumbe kilichovutwa ni shina na jani, mzizi ulibaki katika chumba cha shavu ukaota tena. Kuvuta polipu ni kazi ya zamani sana. Wagiriki, katika vitabu vinavyobeba jina la Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, walifunga sponji kwenye nyuzi, wakapitisha nyuzi puani zikatokea mdomoni, kisha wakavuta kwa nguvu ili sponji ikwangue kinyama kikatoke nacho. Tuliposomewa hayo tulijikunja. Mmoja wetu akasema, basi hata sisi Fataki hatukuwa nyuma sana.

Safari hii tuliamua kufuata njia yote. Hospitalini walituandikia karatasi ya kutupeleka kwa daktari wa ORL, ndiye daktari wa masikio, pua na koo. Tuliuliza huku, tukauliza kule, mwisho tukachagua Kampala, Mulago, kwa sababu hospitali ile ya taifa ina idara nzima ya kazi hiyo, na kwa sababu mmoja wetu ni Mualuru na ana ndugu upande wa pili. Hapo tunawapa ushauri ambao hauko katika vitabu: mkimpeleka mgonjwa ng'ambo, mpelekeni na mtu wa lugha. Kutoka Mahagi hadi mpakani Goli, na kutoka Goli hadi Nebbi, watu wanasema Kialuru huku na huku, na mama yule alipitisha mtoto na karatasi zake kama anayekwenda kwa shangazi. Baada ya daraja la Pakwach, Kialuru kiliisha, Kiswahili chetu kikashikilia.

Pesa zilitoka wapi? Zamu tatu za likelemba mfululizo, waliokuwa na zamu zao walizitoa. Mbuzi wawili. Padri akatusaidia usafiri. Hatutaji hesabu yote hapa, mtu anayetaka kujua aje mkutanoni, daftari liko wazi.

Kule daktari hakukata siku ya kwanza, wala ya pili. Hilo lilimsumbua mama sana, pesa ya chakula inakwisha na wao wanaangalia tu. Walipitisha puani bomba jembamba lenye taa na kioo, endoskopi, wakaona shina linatokea wapi. Kisha wakamlaza kwenye mashine ya skana, ile inayopiga picha za kichwa vipande vipande kama mkate. Daktari alimwonyesha mama picha: shavu la kushoto jeusi, maana yake limejaa hewa, shavu la kuume la kijivu, limejaa kinyama. Mifupa yote mizima, haikuliwa. Hilo la mifupa ndilo alilotafuta zaidi, akaeleza kwa nini.

Si kila kitu kinachoziba pua ni polipu, na hapa tunaomba msome polepole. Mtoto mdogo mwenye kamasi inayonuka tundu moja tu, mara nyingi ameingiza kitu mwenyewe: haragi, punje ya muhindi, kipande cha sponji ya godoro. Mtoto mchanga mwenye uvimbe puani unaokua akilia, huo unaweza kuwa ngozi ya ubongo iliyoteremka kwa tundu la mfupa; ukiuchoma au kuuvuta umefungua njia ya ubongo. Mvulana wa miaka 10 hadi 20 ambaye pua imeziba upande mmoja na anatokwa damu nyingi mara kwa mara, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, na mtu akiukata kidogo tu ili aone ni nini, kijana anaweza kumwaga damu hadi kufa. Na shavu au taya la mtoto likivimba haraka, meno yakilegea, mkimbie hospitali juma lilelile: sehemu hizi zetu zina saratani ya watoto inayoitwa Burkitt, kwa jina la daktari aliyeiandika mwaka wa 1958 akiwa hukohuko Mulago. Hiyo ina dawa, na dawa inafanya kazi ikiwahi.

Yule wetu aliyevuta kwa koleo hakuwa amepiga picha yoyote. Tulimpa mtoto wa kike, sawa. Angekuwa mvulana mwenye uvimbe ule wa damu? Mama yake alilia pale mbele ya picha, daktari akafikiri analia kwa sababu ya polipu.

Siku ya operesheni alipewa dawa ya usingizi ya mwili mzima. Zamani madaktari walipasua chini ya mdomo wa juu, wakatoboa mfupa wa shavu, wakaingia hivyo. Njia ile ilitoa mzizi vizuri, lakini kwa mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yako ndani ya mfupa ni hatari, na wengine shavu lilibaki na ganzi. Tangu miaka ya 1970, kwa kazi aliyoanzisha daktari Messerklinger huko Graz, Austria, watu walianza kuingia na bomba la taa kupitia puani penyewe. Ndivyo walivyomfanyia mtoto wetu. Walipanua ule mlango mdogo wa chumba cha shavu, wakafuata shina mpaka ukutani lilipoota, wakaling'oa pamoja na ngozi ya pale. Usoni hana hata mkwaruzo. Majirani wengine mpaka leo hawaamini kwamba alipasuliwa, wanataka kuona kidonda.

Kinyama chenyewe hakikutupwa. Kilitiwa chupani kikapelekwa maabara kikatwe na kuangaliwa kwa darubini, ili ijulikane kwa hakika kwamba ni polipu na si kitu kingine. Ilikuwa polipu. Kama mtu anawatolea kitu mwilini, puani au kwingine, mwulizeni kinakwenda wapi.

Baada ya hapo kazi ilirudi kwetu. Majuma mawili ya kwanza hakuruhusiwa kupenga kamasi kwa nguvu, wala kubeba ndoo, wala kuinama kufua. Akipiga chafya, mdomo wazi. Mara kadhaa kwa siku aliosha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji yaliyochemka na kupoa. Yaliyochemka, tunarudia, maji ya mtoni hayaingizwi puani. Mara ya kwanza alifikiri anazama. Mara ya kumi alikuwa akiwafundisha wadogo zake, na sasa wote watatu wanaosha pua asubuhi kwa kicheko kikubwa na chumvi yetu inakwisha.

Harufu haikurudi siku moja. Mama yake anasema ilianza kwa mafuta ya taa, kisha sabuni. Halafu jioni moja, mama akisonga ugali, mtoto aliinua kichwa akauliza nani karibu anakaanga samaki. Hakuna aliyekuwa akikaanga katika uwanja wetu. Ilikuwa nyumba ya nne. Mama aliacha mwiko akaenda mpaka kwa yule jirani kuhakikisha. Kweli, samaki. Jirani akampa kimoja, hakuelewa kwa nini mtu mzima amesimama mlangoni pake na machozi.

Yule mama mzee anayekata vilimi tulimwendea, watano wetu, bila kelele. Hatukwenda kumhukumu, maana sisi ndio tuliomwita na kumlipa. Tulimweleza kijiko na pamba, tukamwonyesha. Alinyamaza muda mrefu. Akasema watoto aliowakata ni wengi, na kwamba mama yake na bibi yake walikata. Hakusema ataacha. Alituomba tumwachie kijiko kile, kana kwamba kilikuwa kijiko cha namna yake, tukamwachia.

Posho iliyopita tuliwapanga watoto wote wa kikundi, 31, kila mmoja na kijiko cha kwao. Watoto wanapenda jambo hili, msiogope. Kama ana mafua, mwacheni apone, mrudie baada ya majuma mawili au matatu, kwa sababu mafua huziba leo upande huu kesho ule. Mnachotafuta ni upande mmoja uleule usiotoa ukungu, juma baada ya juma. Tulipata wawili wa kupeleka kituo cha afya. Mmoja bado anangoja kuangaliwa. Wa pili, kijana wa miaka 4 mwenye harufu ambayo bibi yake alisema ni ya meno, alitolewa haragi puani, lilikuwa limeanza kuota.

Polipu ya namna hii ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo msichana wetu hajamaliza. Mwezi wa nane anapaswa kuangaliwa tena kwa lile bomba la taa. Moto ya kutoka hapa hadi Mahagi imepanda bei na njia si kila siku inapitika. Katika sanduku kuna nusu ya pesa. Zamu ya juma hili ilikuwa ya mama wa haragi, naye ameitoa.